Euro 140 kwa Mchanga wa Rede

Bili ya ukumbi tuliokodi kwa mkusanyiko wetu hapa Ujerumani imekuja kwa barua. Mjerumani akitaka kukuumiza hakupigii simu, anakuandikia, na anaweka namba ya kumbukumbu. Euro 140: usafi wa ziada wa ukumbi pamoja na mikwaruzo kwenye sakafu ya mbao. Chanzo ni mchanga wa kujaza chupa moja ya nusu lita, ule wa kuchezea rede, mchezo wetu wa kukwepa mpira. Kwa hela hiyo, Jumamosi pale mnadani Msalato, Dodoma, wenyewe mnajua mbuzi wangapi, na chenji ya soda inabaki.

Hasira zikipoa lazima useme ukweli: kosa ni la aliyepanga mchezo. Rede ya uwanja wa Makole haiingii ndani ya ukumbi wa Ulaya bila kubadilishwa. Kwa hiyo haya ni ya wanaopanga mikusanyiko yetu huku, na ya ndugu wa Dodoma mtakaotupokea Desemba tukiwa na watoto ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye "shikamoo".

Mkusanyiko wa Watanzania ughaibuni hufa nusu saa baada ya pilau. Viti vimepangwa kufuata ukuta kama msibani. Wanaume wako upande wa vinywaji, akina mama jikoni, watoto kwenye simu. Wajerumani waliooa au kuolewa kwetu wanatabasamu mpaka mashavu yanauma. Halafu mwenyekiti anasimama kusoma mapato na matumizi. Makampuni ya huku yanalipa wakufunzi waje kuwafundisha watu wazima kucheza pamoja ili wafahamiane, na sisi tumekulia kwenye michezo hiyohiyo bure, tukaiacha uwanjani siku tulipopata viatu vya ngozi.

Anza mlangoni, maana hapo ndipo siku inapoharibikia. Ukiandika saa nane mchana, Mjerumani anafika saa nane kasoro dakika tano na Mtanzania anafika saa kumi. Hayo masaa mawili yanataka mchezo usiohitaji watu wengi wala maelezo: drafti. Ubao wa nane kwa nane uchorwe kwenye kadibodi, vizibo 12 kila upande, huyu anavilaza chali, yule kifudifudi. Weka mbao mbili, siyo moja, na uziweke kwenye njia ya kuingilia, siyo kona. Mtanzania hawezi kupita drafti inayochezwa vibaya bila kushauri, na mgeni akishashauriwa na watu watatu kwa lugha asiyoijua, tayari ana rafiki watatu. Angalizo moja: kubalianeni mapema kingi anatembeaje. Kingi wetu anakata ubao mzima, wapo waliozoea mwendo mfupi, na ugomvi wa hapo si wa kuigiza.

Michezo ya kusimama ije kabla ya chakula. Baada ya ugali hakuna mtu anayeruka.

"Nyama nyama" ndiyo ya kufungulia. Duara la watu 8 hadi 15. Wakizidi gawanya, kwa sababu wa upande wa pili hasikii na anabaki kuigiza jirani yake. Kiongozi anaita "nyama ya ng'ombe!", wote wanaruka na kujibu "nyama!" Akitaja kisicholiwa, "nyama ya meza!", anayeruka amekwisha. Anza polepole, taja tatu za kweli kabla ya kutega, kisha ongeza kasi. Aliyetoka asikae chini. Mfanye hakimu wa kuwakamata wengine, vinginevyo dakika ya tano una nusu ya watu wamerudi kwenye simu. Kitimoto muamue kabla, kwa heshima ya Waislamu waliopo: ama hatajwi kabisa, ama hahesabiki. Utamu wenyewe uko kwenye mpaka. Ukiita "nyama ya senene!", wa Bukoba anaruka mpaka dari, wa Kongwa anaganda, Mjerumani anauliza senene ni nini. Usikimbilie kutoa hukumu hapo, waache wabishane. Mabishano hayo ndiyo uliyokuwa unayatafuta. Dakika kumi, basi. Acha wakiwa bado wanataka.

Sasa rede. Warushaji wawili, mita 8 hadi 10 kati yao, na wawili au watatu katikati wa kukwepa. Chini ya mita 6 hakuna anayekwepa, ni kupigwa tu. Zaidi ya 12 wazee mkono unachoka na mpira unaanza kutambaa. Mpira ni soksi kuukuu ya mtu mzima iliyojazwa vitambaa laini mpaka ilingane na chungwa kubwa. Funga fundo, geuza shingo ya soksi irudi kuufunika mpira, funga tena, halafu shona mishono michache ili fundo lisiwe jiwe. Watu hupenda kujaza karatasi zilizobanwa au mifuko ya plastiki. Hizo hugeuka ngumu, na shangazi wa miaka 60 akipigwa ya uso, kikao kimefungwa bila dua. Sheria iwe chini ya mabega. Anayekwepa anajaza chupa mchanga kwa kiganja huku akiangalia pande mbili. Ikijaa, anaimwaga na kuwarudisha waliotolewa. Kanuni zinatofautiana mtaa kwa mtaa, ya Chang'ombe si ya Kikuyu, kwa hiyo zitamkwe kabla, siyo mtu akishapigwa.

Ndani ya ukumbi, mchanga ndio huo wa euro 140. Ukitembea juu yake kwa viatu unageuka msasa. Tumia vizibo 20 vya plastiki vya chupa za maji na bakuli: kizibo kimoja kwa mkono mmoja kila safari. Vizibo vya bati hapana, vina meno, navyo vinakwangua. Maharage pia hapana, ukiyakanyaga unateleza. Na kabla hamjakodi, soma bima yako ya kulipia uharibifu uone kama inagusa vitu vya kukodi, nyingine hazigusi.

Dodoma mambo ni rahisi zaidi, mchanga upo korongoni, lakini fagieni mbigiri kwanza. Mtoto aliyezaliwa huku hajawahi kukanyaga mbigiri, na mmoja tu unatosha kummalizia likizo. Saa kumi jioni jua likishalegea, siyo saa saba. Mvua ikiwa imenyesha usiku, pimeni uwanja kwa mguu, udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni. Wapangeni binamu mchanganyiko, wa Ulaya mmoja na wa Nkuhungu mmoja kila timu, kwa sababu mkiwaachia wajichague watajigawa kwa lugha, na rede haihitaji lugha zaidi ya kelele. Jambo jingine: mkwe na mama mkwe msiwaweke katikati pamoja. Kuna heshima ambazo mchezo haufuti, na kijana atapigwa makusudi mapema ili atoke.

Utani ni mgumu zaidi kuliko michezo yote, na ndio unaovunjika vibaya ukivuka mpaka. Babu akitua kutoka Mpwapwa anamwita mjukuu wa kike "mchumba". Bibi anamwambia wa kiume, "Mume wangu, umeniletea nini?" Kwetu hicho ni kicheko cha asubuhi. Huku, mwalimu wa chekechea akitafsiriwa, ataita wazazi. Usimkataze babu mbele za watu. Mweleze mkwe wake Mjerumani siku moja kabla, kwa utulivu, kwamba kati ya babu na mjukuu pana utani na kinachosemwa si kinachomaanishwa, na babu naye aombwe abaki kwenye utani wa chakula na urefu kukiwa na wageni. Kanuni ya utani wa makabila ni ileile ya nyumbani: mtani lazima aweze kujibu. Ukimtania mtu asiyekuwa na lugha ya kujibu, huo si utani, ni uonevu na watu wanakuchekea.

Kumvuta mtu mzima kwa mkono acheze mbele ya wote, kama wanavyofanya baadhi ya MC wa send-off, ni ushamba popote, hata Dodoma. Mpe kazi ya pembeni: kuhesabu vizibo, kushika saa. Nusu yao huingia wenyewe raundi ya tatu.

Ngoma ya muheme isahauni ndani ya nyumba za kupanga. Kuanzia saa nne usiku ni muda wa kimya, na Jumapili ni kutwa nzima. Makofi na kuitikizana vinatosha. Picha za watoto wa wenzenu msirushe kwenye status bila ruhusa, hiyo huku ni haki ya mtu kisheria.

Na wewe unayekazana na Kijerumani cha B1 ili uje kwa mafunzo ya uuguzi: kozi inakufundisha kujaza fomu, haikufundishi kukaa na watu. Desemba giza linaingia saa kumi jioni, na upweke wake hauelezeki kwenye simu. Koti la Dodoma liache, halina kazi huku. Njoo unajua kuchora drafti, kushona mpira wa soksi na kuongoza duara.

Kikao kijacho ni ukumbi uleule, wametukubalia kwa amana ya juu zaidi. Mnaokuja, leteni vizibo vya plastiki 40, nusu vyeupe nusu vya bluu. Soksi zimeshapatikana.