Siku 641 ilipoivunja 4294967297

Nilikuwa kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Mwalimu wa hisabati aliingia darasani, akaandika ubaoni 3, 5, 17, 257, 65537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, na zote zina asili moja: chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha jumlisha 1. Akatueleza kwamba Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kila namba itakayopatikana hivyo itakuwa tasa. Halafu akaandika inayofuata, ya kipeo cha 32: 4294967297.

"Haya, wanangu. Ni tasa au si tasa?"

Tukaivamia. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Tarakimu zake zinajumlika kuwa 59, basi na 3 haimo. 7 ikabakiza, 11 ikabakiza, 13 vilevile. Kwa mwendo huo tungepaswa kupitia namba tasa zote zilizo chini ya 65536, karibu na kipeuo cha pili cha namba ile, nazo ni zaidi ya elfu sita!

Alipoona tumechoka, akatuambia mwanahisabati Leonhard Euler aliimaliza kazi hiyo mwaka 1732. Euler aligundua kwamba kigawo chochote cha namba ile lazima kiwe kizidisho cha 64 ukiongeza 1. Kwa sharti hilo, tasa za kujaribu ni chache mno: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Hapo ndipo inapogawanyika bila baki, na jibu ni 6700417.

Lakini kilichonishika hasa ni alichofanya mwalimu baada ya hapo. Alithibitisha jambo lile bila kugawanya kabisa. Akaandika kwamba 641 ni 625 jumlisha 16, yaani 5 kwa kipeo cha 4 jumlisha 2 kwa kipeo cha 4. Tena 641 ni 640 jumlisha 1, na 640 ni 5 mara 2 kwa kipeo cha 7. Sasa 2 kwa kipeo cha 32 ni 16 mara 2 kwa kipeo cha 28. Mahali pa 16 weka 641 toa 625. Unabaki na kizidisho cha 641, ukitoa 640 kwa kipeo cha 4. Ongeza ile 1: kinachotolewa sasa ni 640 kwa kipeo cha 4 pungufu ya 1, nacho kinagawanyika kwa 640 jumlisha 1. Kwisha! Mistari minne ya chaki, na imani ya Fermat imeanguka.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile darasani. Namba ya mabilioni ilikuwa imefunguliwa na 5 na 2 tu.

Jirani yangu wa dawati akauliza, "Mwalimu, na zinazofuata je?"

"Ya kipeo cha 64 ilivunjwa mwaka 1880, kigawo chake ni 274177. Baada ya 65537 hajapatikana mtu wa kuonyesha tasa nyingine hata moja. Wala hajapatikana wa kuthibitisha kwamba haipo."

Kengele ililia, mimi bado nazidisha 641 kwa 6700417 pembeni mwa daftari.