Wa Damu au wa Dawa?

Tangu nirudi Tanga naulizwa swali moja kwa namna mbili. Ndugu zangu wananiuliza, "Hivi wewe bado unasoma tu?" Wenzangu kazini wao wanataka kujua lini nitaamua, wodi au utafiti. Mama yangu ndiye aliyenipa afueni. Anawaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari wa watoto, basi, na habari ya tasnifu haigusi kabisa.

Uingereza nilikokuwa, daktari anayesomea ubingwa wa watoto anaweza kuomba kutoka kwenye mafunzo kwa miaka mitatu hivi, akafanya uzamivu, kisha akarudi kumalizia ubingwa wake. Wapo pia wanaopangiwa hivyo tangu mwanzo: robo tatu ya muda ni wagonjwa, robo ni utafiti, na imeandikwa kwenye mkataba. Siku yako ya utafiti ikifika, simu ya wodi inapokewa na mwingine.

Hapa siku yangu ni Jumatano. Mara nyingi saa mbili na nusu asubuhi sista ananipigia: "Dokta, samahani, najua leo si siku yako." Ukisikia hivyo ujue kuna mtoto ana degedege, interni, yaani daktari aliye mafunzoni, yuko peke yake, na kanula, ile sindano ya mshipa, imegoma kuingia. Utakaaje na kompyuta? Unakwenda. Nilipomwomba mganga mfawidhi aiandike Jumatano hiyo kwenye rosta kama zamu nyingine yoyote, alicheka kwanza, kisha akaiandika. Simu hazijaisha, ila zimepungua, na sasa kuna jina la mtu mwingine wa kupigiwa kabla yangu. Ninyi mnaofikiria kurudi na masomo mkononi, vibali vya utafiti vya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na usajili wa Baraza la Madaktari vina foleni yake na vitapatikana. Muda ndio wa kupigania mapema, kabla hujapanda ndege.

Kuchagua nimekataa, na sababu ninayo.

Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali aliyeingia kwenye mshtuko, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, apewe maji mengi ya mshipa, haraka. Ndivyo vitabu vilivyosema, na vitabu viliandikwa kwenye nchi zenye vyumba vya uangalizi maalumu na mashine za kupumulia. Likaja jaribio la FEAST, lililoipima tiba hiyo hiyo, likiongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Watoto zaidi ya 3,000 waliingizwa, kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Matokeo yalitoka 2011. Waliopewa maji kwa haraka walikufa zaidi: kama 10.5 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Upande wa Tanzania watoto hao walitoka Muheza, kwetu. Niliisoma ripoti ile nikiwa ughaibuni, nikalikuta jina la Muheza katikati ya majedwali, nikaita mwenzangu aje aone. Hakuelewa nashangilia nini.

Swali kama lile haliulizwi na mtu aliyekaa mbali na kitanda. Wala halijibiwi na mtu wa kitandani asiyejua kupima.

Langu mimi ni dogo zaidi. Mtoto analazwa na upungufu mkali wa damu, anaongezewa damu, anachangamka, tunaandika "ruhusa" kwenye faili. Kwetu wodini habari yake imeishia hapo. Kumbe miezi sita inayofuata ndiyo ya hatari: wengi hurudi, na wengine hufia nyumbani bila hospitali kupata habari. Utafiti wa hospitali tisa za Kenya na Uganda uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba dawa mseto ya malaria, dihaidroatemisinini na piperakwini, ikitolewa kila mwezi kwa miezi mitatu baada ya ruhusa, hupunguza vifo na kulazwa tena kwa asilimia kama 70 katika kipindi ambacho dawa inafanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo 2022. Mimi nauliza tu: dozi ya pili na ya tatu zitamfikiaje mama anayeishi ndani huko, nauli ya kurudi hana, na namba ya simu aliyotuachia ni ya jirani?

Kuna jambo la kofia hizi mbili, ya daktari na ya mtafiti, ambalo Uingereza sikulihisi kwa uzito huu. Mama mmoja, nikiwa na kichupa cha sampuli mkononi, aliniuliza taratibu, "Dokta, wewe ni wa damu au wa dawa?" Kwa watu tuliokua tukitishwa na mumiani, swali hilo si la utani. Nikimwomba ridhaa mimi niliyemtibu mwanawe usiku kucha, atakataa vipi? Ataogopa kwamba akikataa, kesho sitamtazama mtoto. Kwa hiyo ridhaa siombi tena mimi. Anaomba muuguzi wa utafiti ambaye hagawi dawa wodini, na anaomba mtoto akishatulia. Wanaokataa wameongezeka kidogo. Msimamizi wangu hakufurahi kuiona idadi hiyo. Mimi nimefurahi, maana sasa naamini hata wanaokubali wamekubali kweli.

Wiki ijayo tunaanza kuwafuata watoto majumbani pamoja na wahudumu wa afya ya jamii. Mvua zimeanza na gari haliwezi kufika kote. Kama unamfahamu bodaboda mtulivu, mwenye leseni, anayezijua njia za upande wa Maramba, niandikie. Malipo ni ya siku nzima, na kofia ya chuma ya abiria ni lazima.