Nilivyomkutanisha Bosi na mbwa wenzake

Bosi alikuwa na wiki 10 na sindano moja tu ya chanjo nilipompeleka ufuoni Nyali. Maji yamekupwa, mbwa koko watatu wakaja mbio kumnusa, naye akawa analamba mchanga walipojisaidia. Nilifurahi kumwona anacheza. Siku ya tano akagoma kula. Usiku akatapika povu la manjano, kulipokucha anahara damu. Harufu ile sijaisahau.

"Amechanjwa mara ngapi, dada?" daktari wa mifugo aliniuliza huku akimtafuta mshipa kwenye mguu wa mbele. Mara moja, nikamjibu. Akaniambia ni parvo: hakuna dawa ya kuua kirusi hicho, ni kumtilia maji kwa dripu mpaka mwili ujipiganie. Sindano ya kwanza haitoshi, kwa kuwa kinga aliyonyonya kwa mamake huweza kuizima. Ndiyo maana hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi atimize wiki 16. Siku 4 za dripu, kisha akalamba mchuzi kidoleni mwangu. Nililia.

Nyumbani nilipiga deki kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, nikaiacha dakika 10. Udongo wa uani hausafishiki hivyo. Kirusi hukaa humo miezi mingi.

Sasa ana miaka 2, chanjo ya kichaa cha mbwa hupata kila mwaka, na marafiki zake ni wawili tu. Kabla hajakutana na mbwa wa jirani niliomba kuona kadi ya chanjo, na jirani hakuona vibaya. Tukawatembeza kamba zikiwa zimelegea, huyu upande huu wa barabara, yule ule, tukisogeleana kidogo kidogo. Kuwakabilisha uso kwa uso huleta ugomvi. Bosi akikakamaa na mkia ukasimama wima, namwita tuondoke. Akiinamisha kifua na kuinua matako, anaomba mchezo.

Sisi hutoka waumini wakisharudi kutoka swala ya alfajiri, maana mate ya mbwa ni najisi kwao, na mchanga bado haujaanza kuunguza. Kila mbwa na bakuli lake la maji.

Tukirudi nampapasa masikioni na katikati ya vidole. Juzi nimemtoa kupe aliyevimba kama punje ya kunde, ingawa dawa ya kupe humpaka kila mwezi.

Mbwa koko wa ufuoni bado hutujia. Natamani nao wangechanjwa. Kwa sasa nafupisha kamba, tunapita mbali nao.