Ndoo ishirini na mbili

Kwa miaka minne samaki wangu waliishi nasi sebuleni. Walianza wachache kwenye tangi moja pembeni mwa runinga, wakazaana, nikaongeza tangi, nikaongeza jingine, mpaka yakafika saba na viti vikawa vinasogezwa kuyapisha. Kila Jumamosi nilibadilisha maji kwa ndoo. Kufyonza, kubeba, kumwaga, kujaza, kubeba tena. Niliwapenda samaki wale, lakini ikifika Ijumaa jioni nilianza kuichukia Jumamosi.

Kwa hiyo chumba cha nyuma kilipobaki wazi, mita tatu kwa nne, sikukimbilia kununua matangi. Nilichukua daftari nikapiga hesabu. Ukuta mrefu ungeweza kubeba rafu ya mita 2.4 yenye ngazi tatu. Tangi la sentimita 60 kwa 45, kimo 40, ukiacha nafasi juu linachukua lita 95 hivi. Ukiligeuza upande mfupi ndio ukutazame, kila ngazi inabeba matangi matano, na rafu nzima kumi na matano. Hapo tayari ni lita 1,425. Kubadilisha asilimia 30 kwa wiki ni lita 430 hivi, yaani ndoo ishirini na mbili za lita 20 za kutoa na ishirini na mbili za kuingiza. Kila wiki, mwaka mzima, nikiwa mzima na nikiwa mgonjwa.

Nikafunga daftari, nikaenda kumtafuta fundi bomba kabla ya fundi vioo.

Kitu cha kwanza kuingia kwenye chumba changu cha samaki, basi, kilikuwa bomba la kutolea maji. Ni bomba la plastiki la milimita 50 linalopita nyuma ya rafu kwa chini, likiwa na mteremko mdogo, likatoboa ukuta na kutokea bustanini. Kila tangi lina tundu kwenye kioo cha nyuma, sentimita 35 kutoka chini, na kutoka hapo bomba jembamba linashuka hadi kwenye lile kubwa. Maji yakizidi kimo hicho yanatoka yenyewe. Sifyonzi tena ili kupunguza; namimina maji mapya na ya zamani yanajiondokea. Ni kweli kwamba kwa njia hii unapoteza kidogo: mapya huchanganyika na ya zamani na sehemu yake hutoka pamoja nayo, hivyo ukimimina kiasi cha asilimia 30 ulichobadilisha hasa ni kama asilimia 26. Nimeridhika kabisa na hasara hiyo. Uchafu wa chini bado naufyonza kwa mpira mara moja kila wiki mbili, na mimea ya bustanini inayapenda maji yale, maana yamejaa nitreti, ambayo kwao ni mbolea.

Kutoboa kioo niliwaachia wenye kazi, na ninakushauri vivyo hivyo. Lakini hata ukimpa fundi, muulize kwanza kama kioo cha chini au cha pembeni ni kile kilichopitishwa motoni kikaimarishwa. Kioo cha namna hiyo hakitobolewi. Ukikigusa na keekee kinasambaratika chote vipande vidogo vidogo.

Rafu ilichomelewa kwa chuma cha mraba, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na miguu yake imekalia vibati vipana ili uzito usilale mahali pamoja. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha vioo, rafu ile inabeba zaidi ya tani moja na nusu. Sakafu yangu ni zege juu ya ardhi, na ingekuwa ni ghorofani nisingethubutu kabla mtu wa majengo hajaja kuangalia. Pimamaji tulilipitisha kila ngazi, urefu na upana. Tangi lililoinama hata kidogo linabeba mzigo kwenye kona moja, na kona hiyo ndiyo huja kupasuka. Kati ya chuma na kioo nimetandika povu jembamba gumu, ili punje ya mchanga ikibaki pale isikibonyeze kioo.

Sasa hewa. Watu wengi huwaza chujio kwa kila tangi, mota kwa kila chujio, waya kwa kila mota, na mwisho wana chumba chenye nyaya ishirini juu ya maji. Mimi nina pampu moja kubwa ya hewa kwa chumba kizima. Hewa inapita kwenye bomba lililozunguka chumba juu na kurudi lilikoanzia, na kwa kuwa ni duara, msukumo haupungui sana kwa tangi la mwisho. Kila tangi lina koki yake ndogo na chujio la sponji. Koki hizo ni za lazima, kwa sababu hewa hufuata njia nyepesi: tangi lenye maji ya kina kifupi litanyonya hewa yote na lenye kina kirefu litakaa kimya. Ilinichukua jioni nzima kuzifungua na kuzifunga, kidogo huku, kidogo kule, mpaka matangi yote yakachemka sawasawa. Bado nakumbuka ile sauti ilipoenea chumba kizima.

Pampu hiyo iko juu kabisa, karibu na dari. Nilijifunza hilo sebuleni. Usiku mmoja umeme ulikatika, pampu ndogo niliyokuwa nimeiweka sakafuni ikasimama, na maji yakarudi nyuma kwenye mpira wa hewa. Asubuhi tangi lilikuwa limebaki na robo ya maji, samaki wamelala ubavu wakihema, na sakafu yote imelowa hadi kwenye soketi. Samaki wote walipona. Lakini ile picha ya maji na soketi haijanitoka, na ndiyo maana chumba hiki kina soketi upande wa pili tu, juu ya kimo changu, zimeunganishwa na swichi inayokata umeme wenyewe ukivuja. Kila waya unaoshuka kwenye tangi umeachiwa tumbo chini ya soketi, ili tone likitambaa juu yake lidondoke hapo badala ya kuingia ndani.

Maji mapya yanasubiri kwenye mapipa mawili ya lita 200, yenye hewa inayochemka ndani usiku kucha. Klorini ya kawaida, ile dawa ya maji ya bomba, ingeondoka kwa kuachwa hivyo. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki, kwa hiyo natia dawa ya kuiua kwa kipimo cha pipa zima kabla tone halijaingia kwenye tangi. Kukaa chumbani kunayafanya maji yawe na joto lilelile la samaki, na pampu ndogo iliyomo ndani ya pipa inayasukuma kwenye mpira mrefu wenye koki mkononi mwangu. Jumatano nafanya nusu ya rafu, Jumamosi nusu. Kila awamu ni dakika arobaini, nikiwa nimesimama wima.

Wakati rafu inachomelewa, nilifanya jambo moja ambalo liliokoa muda mwingi. Nilinunua sponji zote kumi na tano mapema nikazitumbukiza kwenye matangi yangu saba ya zamani, mbilimbili, moja likachukua tatu, zichemke humo pamoja na zile za awali. Zilikaa wiki sita. Bakteria wanaobadili amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitreti, hawaishi sana kwenye maji yenyewe. Wanashikamana na vitu, na sponji ni mji wao. Siku ya kujaza matangi mapya, kila moja lilipokea sponji iliyokwisha kuiva. Hata hivyo niliweka samaki wachache, nikapima amonia na nitriti kila siku kwa matone kwa wiki mbili. Maji yangu ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha uasidi; ikiwa juu, uasidi ni mdogo) iko juu, na kwenye maji ya namna hiyo amonia ileile inakuwa kali zaidi: pH ikipanda kwa moja, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Sponji naikamua ndani ya maji ya tangi, kamwe si chini ya bomba, klorini itaumaliza mji wote.

Ugumu wa maji ndio ulionichagulia samaki. Zamani nilipigana nao, nikitafuta samaki wa mito ya maji laini ya Amazoni na kuwatengenezea maji yao. Nikaacha. Ngazi ya juu na ya kati wanakaa gapi, samaki wadogo wanaozaa badala ya kutaga, ambao maji magumu ndiyo wanayataka. Nafuga mistari mitatu, yaani koo tatu zisizochanganywa, na hao ndio sababu ya kuhitaji matangi mengi, kwa maana jike la gapi akishapandwa huhifadhi mbegu za dume kwa miezi na kuzaa tena na tena bila dume kuwapo. Ukitaka mstari ubaki safi lazima utenganishe majike na madume wakiwa wachanga, ndani ya wiki chache. Tangi la wazazi, la majike, la madume, mara tatu, na hesabu yako imekwisha kuwa tisa.

Jambo ambalo sikulitarajia ni joto. Nimeacha hita za kila tangi, napasha chumba kizima, na hewa ya moto hupanda. Ngazi ya juu husoma 27, ya chini 24. Mwanzo nilihangaika kuzisawazisha. Sasa natumia tofauti hiyo: gapi juu, na wale wanaopenda ubaridi kidogo chini. Unyevu ulinitisha zaidi, maana mwezi wa kwanza kona ya dari ilianza kuota ukungu. Vifuniko vya kioo juu ya kila tangi vilipunguza tatizo nusu, na feni ya kutoa hewa nje ikamaliza iliyobaki.

Samaki wapya hawaingii humu. Wana tangi lao ukumbini, lenye wavu wake, mpira wake na ndoo yake, siku thelathini. Niliwahi kuleta ugonjwa wa madoa meupe kwa wavu mmoja tu uliolowa, matangi manne yakaugua ndani ya wiki moja. Nilizika gapi wengi, pamoja na dume niliyekuwa nimemtafuta mwaka mzima. Kwa hiyo siku thelathini ni siku thelathini, hata wakionekana wazima namna gani.

Katikati ya ngazi ya chini kuna tangi ambalo limekuwa la Baba. Alistaafu mwaka huo nilipomaliza chumba, akaja na kigoda chake, na kwa bahati kimo cha macho yake akiwa amekaa ni kile cha tangi la *Neolamprologus multifasciatus*. Hawa ni samaki wa Ziwa Tanganyika, jike hana zaidi ya sentimita tatu hivi, na huishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Niliwapa mchanga tambarare na makombe thelathini. Baada ya siku mbili mchanga ulikuwa mabonde na vilima, kila mmoja amechimba kwa mdomo na kulizika kombe lake mpaka mlango tu ndio uonekane.

"Mwanangu," Baba aliniita, "huyu amemmwagia mwenzake mchanga mlangoni."

"Watagombana sasa hivi, Baba."

"Hapana. Mwenzake anautoa tu. Ameanza tangu asubuhi."

Anawajua mmoja mmoja. Mimi siwajui hivyo, ninawaona kwa kupita nikiwa na mpira mkononi, na ni yeye aliyeona vifaranga wa kwanza, vidogo kama nukta, vikichungulia kwenye mdomo wa kombe.

Ukuta wa pili una vitangi sita vya lita 20. Humo kuna *Nothobranchius guentheri*, samaki wa Zanzibari, dume ana mkia mwekundu unaowaka. Kwao huishi kwenye vidimbwi vya mvua. Kidimbwi kikikauka wakubwa hufa, na mayai hubaki kwenye tope yakingoja mvua nyingine. Nyumbani tope lao ni bakuli la mboji iliyochemshwa. Wanataga humo, nachuja mboji, naikamua ibaki na unyevu kama wa tumbaku, naifunga kwenye mfuko wa plastiki, naandika tarehe. Mifuko hiyo inakaa kwenye droo karibu miezi mitatu, na mara kwa mara naishika kwenye mwanga kutafuta macho meusi ndani ya mayai. Vifuniko vya vitangi hivi nimeviwekea vizito, maana wanaruka.

Juzi mfuko wa kwanza ulitimia. Asubuhi ya siku iliyotangulia nilianzisha chupa ya mayai ya artemia, vijikamba vya maji ya chumvi vya kulisha vifaranga: lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi, hewa ikichemka kwa nguvu, nyuzi 27. Asubuhi iliyofuata yalikuwa yameanguliwa. Nikamwita Baba, nikamwaga mboji ile kwenye trei, nikaimiminia maji ya baridi kidogo, sentimita tano tu. Tukasubiri. Alikaa kwenye kigoda na miwani yake, mimi nikaendelea na Jumatano yangu ya kujaza maji upande wa pili.

Sikuwa nimefika tangi la nne aliposema, "Kimoja."

Kisha akanyanyua kidole bila kuondoa macho kwenye trei. "Viwili. Zima hilo pampu uje."