Kutoka Mombo hadi msitu wa Magamba: ni wapi hasa baiskeli huwa ya mlimani

Nilianza kupanda kutoka Mombo, chini ya milima ya Usambara mkoani Tanga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua la tambarare halijashika. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami na kona zisizokwisha, na unapanda karibu mita 1,000. Ukichelewa kuondoka, kipande cha kwanza mpaka Soni kinakuchoma, maana ukuta wa mwamba kando ya barabara unakurudishia joto usoni. Lita mbili za maji zinatosha kukufikisha Soni. Hapo unajaza tena.

Baiskeli yangu muuzaji yeyote angeiita ya milimani bila kusita. Fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, tairi zenye upana wa inchi 2.35, shokapu ya mbele inayocheza milimita 120, nyuma haina shokapu. Breki za diski za mafuta. Sproketi ya mbele meno 32, ile kubwa ya nyuma meno 51, yaani ukizungusha pedali mara moja unasogea chini kidogo ya mita moja na nusu. Hiyo ndiyo gia inayokupandisha bila kushuka.

Lakini siku ile sikufanya lolote la mlimani. Nilifunga shokapu isicheze, nikajaza tairi upepo hadi PSI 40 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), nikakaa kitini nikakanyaga pedali kwa saa tatu. Kazi ilikuwa ya mapafu na mapaja; mikono ilipumzika tu juu ya usukani. Mlima ulikuwepo, baiskeli yenyewe ilikuwepo, na bado ile ilikuwa safari ya barabarani. Wengi wanachanganyikiwa hapa. Wanaangalia chombo, au wanaangalia mlima, hawaangalii kinachotendeka pale tairi inapogusa ardhi na mwili unajibu nini.

Kesho yake niliondoka Lushoto kwenda juu, upande wa Magamba na Lukozi. Mwezi wa saba huko asubuhi ni ya koti. Lami ilipokwisha nilishusha upepo hadi PSI 30, nikafungua shokapu. Barabara ya vumbi jekundu, changarawe imesukumwa pembeni na magurudumu ya magari ya mboga, na katikati vituta vidogovidogo kama migongo ya bati. Kwenye vituta hivyo dawa siyo kupunguza mwendo mno. Tafuta ukingo uliopigwa laini na bodaboda, legeza mikono, nyanyua uzito kidogo kitini, endelea kuzungusha pedali kwa mwendo ule ule. Kinachoharibika kwenye barabara ya namna hii ni bolti. Mtetemo unazilegeza taratibu, za keria na za kishikio cha chupa zikitangulia. Kila kilomita 20 hivi nilisimama nikazipitia kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, kazi ya dakika mbili. Ukipuuza, bolti moja ya keria ikidondoka, ile iliyobaki inabeba mzigo wote mpaka ikatike, na ncha yake inabaki ndani ya fremu. Kuitoa hapo ni kutoboa.

Hatari nyingine ni changarawe iliyolundikana kwenye kona. Breki ikikamatwa ukiwa umeshalalia kona, gurudumu la mbele linateleza na hulirudishi tena. Punguza mwendo kabla ya kona, wakati baiskeli bado imesimama wima, kisha achia breki na uipite.

Wengi wangeliita hilo tayari ni baiskeli ya mlimani: hakuna lami, vumbi limejaa meno, uko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Mimi nasema hapana. Ile ni baiskeli ya changarawe, mchezo kamili wenye heshima yake, ambao tangu 2022 una mashindano yake ya dunia, ya kwanza yakiwa yamefanyika Veneto, Italia. Mwenye baiskeli ya usukani uliopinda chini, tairi za milimita 40 hadi 45, angeniacha mbali siku ile, na kwa haki. Chombo chake ni chepesi, kinashika mwendo, na hakuna kitu njiani kinachohitaji shokapu ya milimita 120. Kipimo ninachotumia mimi kwa milima hii ni bodaboda. Ikikupita yenye magunia mawili ya kabichi na dereva hajanyanyuka kitini, hapo uko barabarani, hata kama ni ya vumbi.

Wapo pia wanaokimbiza baiskeli kwenye matope na nyasi, mizunguko mifupi, wakizibeba begani kuruka vizuizi. Tairi zao kwa sheria ya mashindano hazizidi milimita 33. Hiyo nayo ni nje ya lami, na wala siyo mlimani. Anayefunga mizigo kwenye fremu akavuka nchi kwa wiki mbili, akilala porini, naye ni msafiri wa baiskeli. Njia atakayopita siku husika ndiyo itakayosema kama siku hiyo alikuwa mlimani au la.

Lakini tusikimbilie kusema kwamba upana wa njia ndio unaoamua. Mashindano yanayohesabiwa kuwa chimbuko la mchezo huu, Repack, yalianza Oktoba 21, 1976 karibu na Fairfax, California, na njia yake ilikuwa pana, imechongwa ili magari ya zimamoto yapite. Ila ilikuwa ikiporomoka takriban mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushee, mawe huru, makorongo na kona za ghafla. Baiskeli zao zilikuwa za zamani, nzito, tairi nene, na breki ya ndani ya habu ya nyuma, ile unayoikamata kwa kurudisha pedali. Wakifika chini grisi imeungua na kutoka moshi, na habu ilibidi ifunguliwe ijazwe grisi mpya. Jina la mashindano limetoka kwenye kazi hiyo, maana repack ni Kiingereza cha kujaza upya. Mwaka uliofuata Joe Breeze, mmoja wa washindani hao, akaunda fremu mpya kabisa kwa ajili ya mteremko wa namna ile. Kwa hiyo ardhi ilitangulia na baiskeli ikaifuata. Aliyebandika neno la milimani kwenye fremu ya bei rahisi amegeuza mambo juu chini.

Na hapa nina jambo la kuwaambia wanunuzi wa mtumba. Bonyeza shokapu ya mbele kwa uzito wako wote, kisha achia. Nzuri inarudi kwa utulivu, kama mlango wenye kizuizi. Ikiruka juu kama springi ya kitanda, haina kitu ndani cha kupunguza kasi ya kurudi. Kwenye mawe itakurusha mikono. Angalia pia fremu yenyewe, maana nyingine zina kibandiko cha kiwandani kinachokataza kutumika nje ya barabara, na umbo lake lote ni la mlimani. Mtu akinunua hiyo akateremka nayo Magamba anahatarisha meno yake.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia. Unaanzia ofisini, unalipa kiingilio, unauliza ni njia zipi baiskeli inaruhusiwa, na unachukua mwongozaji. Wakati wa masika, na hata vuli ikikolea, usiende. Udongo mwekundu unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na kila mfereji unaouchora njiani mvua inaufanya korongo.

Kwenye mdomo wa njia nilishuka nikajiandaa. Upepo: mbele PSI 24, nyuma 27, kwa mtu wa kilo 75 anayetumia tyubu. Kiti nilikishusha sentimita sita, baada ya kuzungushia utepe kwenye nguzo yake ili nijue pa kukirudisha. Mikono ya breki niliisogeza kidogo kuelekea katikati ya usukani ili kidole kimoja tu kifike kwenye ncha yake, vinne vilivyobaki vishike usukani.

Mita hamsini za kwanza zikabadili kila kitu. Mizizi imekatisha njia, imelowa kwa ukungu, inang'aa. Hapo ukikaa kitini umekwisha. Nilisimama juu ya pedali, mbele na nyuma zikiwa usawa mmoja, visigino chini, magoti na viwiko vimekunjwa, kifua kimeshuka juu ya usukani, macho mita saba au nane mbele. Mzizi uliolala mshazari ni mbaya kuliko ule mnene uliokatisha njia moja kwa moja, kwa sababu tairi ikiugusa kwa pembe inaufuata badala ya kuuvuka. Unaweka baiskeli iuvuke kama unavyovuka reli, unaachia breki zote mbili kabla ya kuugusa, unauvuka, kisha unakamata tena. Kuwa na breki juu ya mzizi uliolowa ni sawa na kuomba kuanguka.

Sasa kila mita ilikuwa na uamuzi wake, kushoto kwa jiwe au kulia, juu ya mzizi au kwenye tope, kukamata hapa au pale. Mikono iliyopumzika tangu Mombo ilianza kutetemeka kwa kazi. Hii ndiyo baiskeli ya mlimani. Ardhi inauliza swali, na unalijibu kwa mwili mzima. Ukisinzia sekunde mbili uko chini.

Breki nazo zina adabu yake. Anayezishikilia kidogo kidogo mteremko mzima anazichemsha. Pedi zinapata ganda linalong'aa kama kioo, zinapiga kelele, nguvu inapungua, na mafuta yakichemka mkono wa breki unazama hadi usukani bila kitu. Kamata kwa nguvu mahali panapofaa, achia, acha diski ipoe, kamata tena. Ukisikia harufu ya kuungua simama dakika tano, na diski usiiguse.

Katikati ya mteremko gurudumu la nyuma liligonga jiwe lenye ncha nikiwa bado nimekamata breki. Upepo ukaisha papo hapo. Tyubu ilikuwa na vitundu viwili vilivyolingana, umbali wa upana wa kidole, kama vya meno ya nyoka. Hiyo siyo kazi ya mwiba. Tyubu imebanwa kati ya jiwe na rimu pande zote mbili. Ukiona vitundu pacha namna hiyo, kuziba peke yake hakutoshi, upepo ulikuwa mdogo kwa njia ile. Nilikwangua kwa msasa, nikapaka gundi, nikasubiri dakika tano hadi ikakauka isinate kidoleni, nikabandika kiraka kimoja kirefu kinachofunika vyote viwili. Nikapapasa ndani ya tairi na ukingo wa rimu kutafuta kilichojikunja, nikajaza PSI 29 safari hii badala ya 27.

Njia ilipotoka msituni ikaingia kati ya mashamba ya kabichi na karoti, na kina mama walikuwa wanapanda na mizigo kichwani. Hapo nilishuka, nikaipeleka baiskeli upande wa bonde, nikasimama. Mwenye mzigo ndiye mwenye njia, na aliyeko juu ya magurudumu husubiri. Tulisalimiana, wakapita mmoja mmoja, wa mwisho akaniuliza kwa nini nisingepita barabarani.

Chini kabisa njia iligonga barabara ya vumbi. Nilipandisha kiti hadi kwenye utepe, nikabana spoku mbili mbili kwa vidole kuzunguka gurudumu lote la nyuma, nikakuta moja imelegea upande wa diski nikaikaza robo mzunguko. Kisha pampu, hadi PSI 30, nikaelekea Lushoto.