Yule mama wa kwenye ngazi

Jana usiku badala ya kulala nikajikuta naangalia picha za wafua nguo wa Paris, sijui hata nilianzia wapi. Kuna moja ya mchoraji Mfaransa Honoré Daumier, ya miaka ya 1860 hivi, ipo Musée d'Orsay, jumba la makumbusho huko huko Paris. Mama anapanda ngazi kutoka mto Seine, furushi la nguo mkono mmoja, mwingine kamshika mtoto, na mtoto mwenyewe kabeba kibao cha kupigia nguo, ngazi ndefu kwake yaani anapandisha mguu kama anapanda ukuta. Nguo zikilowa ni nzito jamani, aliyewahi kufua blanketi kwa mkono anajua. Daumier aliishi miaka mingi pale pale kando ya mto, kisiwa cha Saint-Louis, kwa hiyo hao wamama alikuwa anawaona tu. Sura ya huyo mama giza tupu, nyuma majengo yanawaka jua.

Degas, mchoraji mwingine wa Ufaransa, naye kachora wapiga pasi, kati ya 1884 na 1886. Mmoja kakandamiza pasi kwa mikono miwili, mwenzake anapiga miayo mdomo wazi kabisa, chupa mkononi. Hiyo miayo ndo imeniua. Bibi yangu alikuwa na pasi ya mkaa, ukizubaa cheche inadondoka kwenye shati jeupe la shule na siku yako imeisha, ila hao wa Paris walikuwa wanapasha pasi kwenye jiko humo humo ndani, joto siku nzima.

Nguo zangu ziko kwenye beseni toka juzi.