Viti Vipya vya Mashua Kuukuu: Kumbukumbu ya Kazi ya Msimu wa Kusi

Mei

Mashua imejahabiwa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Tuliileta kwa maji ya bamvua, ambayo hujaa hadi karibu na mikoko na kukiwezesha chombo kupandishwa juu zaidi kuliko siku za maji mafu, na sasa imekaa juu ya magogo, imetegemezwa kwa nguzo pande zote mbili, na kibanda cha makuti kimejengwa juu yake ili mvua ya masika isiijaze maji wala jua lisizipasue mbao zilizoanza kukauka. Urefu wake ni futi 25, upana wake katikati ni futi 7, tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, imekatwa wima, na mlingoti wake ni mmoja, ulioinamia mbele. Iliundwa kijijini humu humu na ikavua miaka mingi kabla ya mwenyewe kuzeeka na kuiacha ipwelewe. Kubadilisha mbao za chini, kutia mataruma mapya, yaani mbavu za ndani, na kukalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba, ni kazi ya fundi, na siiingilii. Mimi, ninayefundisha shule asubuhi na kushika randa jioni, nimeomba kazi moja tu, nayo ni viti.

Mashua ya mvuvi haina viti vya kusema. Mvuvi hukaa penye kazi yake, ukingoni, juu ya nyavu au kando ya usukani, na zile mbao mbili tatu zinazovuka kutoka ubavu hadi ubavu hazikuwekwa kwa ajili ya makalio ya mtu. Hii yetu, hata hivyo, sasa yatakiwa kubeba jamaa wa nyumbani, akiwamo mama, ambaye magoti yake hayataki tena kukaa chini wala kuinuka kutoka chini. Nilipomweleza fundi kwamba nakusudia kuzing'oa mbao za zamani na kupanga viti kwa namna ya sebule, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, ule si ubao wa kukalia. Ule ndio unaozishika mbavu zisifunguke. Kuukalia ni bahati yako tu."

Kauli hiyo ndiyo iliyouongoza mradi mzima. Tanga linapojaa upepo, mlingoti huusukuma upande mmoja wa chombo na kuuvuta wa pili, na kisichokuwa na mbao imara za kuvuka huanza kucheza, misumari ikalegea na pamba ya kalafati ikatoka. Basi kila kiti cha katikati lazima kiwe kwanza kiungo cha mashua, ndipo kiwe kiti. Kuna na sharti la pili, ambalo mtu wa nchi kavu hulisahau: farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo. Mashua za hapa hutuliwa kwa mifuko ya mchanga inayohamishwa kila upepo unapobadilika, na chini ya mbao za kukanyagia kuna ngama, yaani tumbo la chombo ambamo maji hukusanyika, inayotakiwa kufuliwa maji. Kiti kinachomzuia baharia kupitisha mfuko wa mchanga, au kuingiza kata ya kufulia maji, ni adui wa chombo, hata kikiwa kizuri namna gani.

Juni

Mwezi huu umekwisha kwa shughuli za miti. Miti niliyokuwa na uwezo wa kuipata ni mwembe, mkomafi na mbambakofi, na kila mmoja una sifa na dosari zake.

Mwembe hupatikana kwa urahisi, maana mashamba ya kisiwani yana miembe ya zamani isiyozaa tena, na hukubali randa bila ubishi; lakini bungua, mdudu anayetoboa mbao, huupenda sana, na ukikaa na unyevu hufanya madoa meusi ya ukungu kisha huoza. Mkomafi ni katika miti ya mikoko, ule wenye matunda makubwa ya mviringo, na ni wa jamii moja na mkangazi, jambo linaloonekana katika wekundu wake wa kahawia. Ni mti unaostahimili maji, ila hautoi mbao ndefu zilizonyooka, kwa kuwa shina lake ni fupi na limejipinda. Kupinda huko ndiko mafundi wanakokutafuta wanapochonga mataruma. Mikoko pia haikatwi ovyo. Kibali cha KFS, idara ya misitu ya Kenya, kinahitajika, na tangu marufuku ya mwaka 2018, iliyosimamisha ukataji katika misitu ya umma na kuwaacha wakataji wengi wa Lamu bila kazi, wauzaji wamejizoeza kuuliza makaratasi kabla ya kutaja bei. Mbambakofi ndio mti wa milango ya mji wa Lamu. Hausinyai wala kupindika kwa urahisi, na wadudu huuchukia. Dosari yake ni uzito. Nilipiga hesabu kwamba ubao wa mita 2, wenye upana wa sentimita 30 na unene wa sentimita 3.5, una uzito wa karibu kilo 17, na uzito huo unawekwa juu ya chombo, mahali ambapo uzito hautakiwi.

Kwa hiyo nimeigawa kazi. Mbao mbili kubwa za kuvuka zitakuwa za mbambakofi, kwa sababu zinabeba nguvu za mashua. Vipande vya pembeni vya kuzikaza vitakuwa vya mkomafi uliopinda kwa asili. Kiti cha omo, yaani cha mbele, ambacho kitakuwa cha kutolewa na kurudishwa nyumbani kikauke, kitakuwa cha mwembe. Niliwahi pia kuzifikiria mbao za plastiki iliyoyeyushwa, kwa kuwa hapa Lamu ndipo ilipoundwa Flipflopi, chombo cha plastiki taka kilichoshuliwa mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Ubao wa plastiki hauozi, lakini haukakamai kama ubao wa mti, na ili usipinde chini ya watu watatu lazima uongezewe unene au mategemeo. Nimeuacha.

Mbao za mbambakofi nilizinunua katika karakana ya wachonga milango mjini. Punda aliyezibeba hadi gatini alipata shida vichochoroni, kwani ubao wa futi 8 ukifungwa ubavuni mwa punda hauwezi kukata kona, ikabidi zishushwe, zipitishwe kwa mikono, kisha zipakiwe upya. Kutoka gatini zilikwenda Matondoni kwa mashua ya jirani. Anayekusudia kuupasua mti huu azibe pua na mdomo kwa kitambaa, kwa maana vumbi lake huwasha koo na kuleta mafua yasiyo ya homa.

Julai

Sasa vipimo, na hapa ndipo kazi ilipokuwa tamu kuliko kwingine kote.

Pima maji haifai ndani ya chombo kilichopwelewa. Hata kikitegemezwa vizuri, mashua huinama kidogo upande mmoja, na tezi haiwi sawa na omo, hivyo kile ambacho kipimo kinakiita sawa ni sawa kwa ufuo tu, si kwa mashua. Fundi alinionyesha njia nyingine. Kwanza hunyooshwa uzi kutoka katikati ya omo hadi katikati ya tezi, na huo ndio unaokuwa uti wa vipimo vyote. Kisha hulazwa ubao ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, na kina hupimwa kutoka kwenye ubao huo kwenda chini. Kwa njia hiyo kiti hufuata mashua yenyewe, na mashua ikielea sawa, kiti nacho kitakuwa sawa.

Tulipopima hivyo ilionekana kwamba ubavu wa kulia na wa kushoto havifanani. Penye kiti cha katikati, kutoka kwenye uzi hadi ubavuni kulia kuna sentimita mbili zaidi kuliko kushoto, na hilo halikumshangaza mtu yeyote isipokuwa mimi, kwa sababu vyombo hivi huundwa kwa jicho na kamba bila mchoro, na miaka ya kulala ufuoni upande uleule huongeza yake. Kila mwisho wa kila kiti ulihitaji kiolezo chake. Nilikata vipande vya plaiwudi nyembamba vyenye urefu pungufu ya ule unaotakiwa, nikavisimamisha mahali pa kiti, kisha nikapitisha bikari kando ya mbavu, mguu mmoja ukigusa mbao za mashua na wa pili ukichora juu ya plaiwudi, bila kuubadilisha upana wa bikari mpaka mstari uishe. Mstari huo hunakili kila bonde na kila kichwa cha msumari. Vipande viwili, cha kulia na cha kushoto, huunganishwa katikati kwa kijiti kilichopigiliwa vijisumari, na kitu kizima hutolewa nje kikiwa umbo kamili la kiti.

Lakini kiolezo hueleza umbo la uso mmoja tu. Mashua hufunguka kadiri inavyopanda juu, kwa hiyo uso wa juu wa kiti ni mrefu kuliko uso wa chini. Tena hujibana kuelekea omo, kwa hiyo ukingo wa mbele wa kiti ni mfupi kuliko wa nyuma. Ncha moja ya ubao ina mishazari miwili kwa wakati mmoja. Niliichukua kila pembe kwa vijiti viwili vilivyofungwa kwa skrubu moja, nikaiandika kwa kalamu juu ya kiolezo, na nikakata kwa msumeno nikiacha unene wa mstari wa kumalizia kwa randa. Fundi yeye hutumia kijiti kimoja chenye alama za kisu na tezo yenye makali, na humaliza mapema. Nimeamua kutoshindana naye.

Suala la urefu kutoka chini lilizua mjadala hasa. Kiti cha nyumbani huwa na kimo cha karibu sentimita 45. Ubao wa mashua huwekwa chini zaidi, kwa sababu kila sentimita unayompandisha abiria hupandisha pia kitovu cha uzito wa chombo, na chombo cha tanga hulipa kwa kulala zaidi ubavuni. Tulikubaliana viti vya katikati viwe na kimo cha sentimita 30 kutoka mbao za kukanyagia, na kile cha tezi pekee, atakapokaa mama, kipandishwe hadi 38, kwa kuwa huko kuna watu wachache na sakafu yenyewe iko juu.

Agosti

Viti vinaingia. Kila kimoja kimekalia ubao mrefu uliopita kwa ndani juu ya mataruma, ili mzigo wa abiria ugawanyike katika mbavu nyingi badala ya kuziegemea mbao za nje. Ncha za viti hazigusi mbao za nje kabisa: tumeacha nafasi ya upana wa kidole, maji yapite na hewa ipite, na chombo kikifinywa na mawimbi kisisukumwe na ubao usiokubali kufinywa.

Kiti cha mlingoti kimechongwa nusu duara upande mmoja, mlingoti ukiegemea hapo na kufungwa kwa kamba. Juu ya kila ncha yake kimekaa kipande cha mkomafi kilichopinda kwa asili, kama goti la mtu aliyechuchumaa, mkono mmoja ukishika kiti na wa pili ukishika taruma. Ukikata pembe ya namna hiyo kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi za mti hukatika katikati ya kona na kipande hupasuka hapo hapo. Katika tawi lililopinda lenyewe nyuzi huifuata kona.

Misumari ya chuma tumeitumia mwilini mwa mashua kwa desturi, ikivishwa nyuzi za pamba chini ya kichwa. Kwenye viti nimetaka skrubu za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikikutana na maji ya chumvi ndani ya mti wenye asidi nyingi huchora michirizi myeusi na kuula mti polepole, na kiti ni kitu kinachofunguliwa mara kwa mara, jambo lisilowezekana kwa msumari uliopindwa upande wa pili.

Kiti cha tezi kimezunguka pande tatu, kikimwachia nahodha nafasi ya mkono wa usukani. Uso wake ni wa mbao nyembamba zenye nafasi kati yake, maana ubao hutanuka kwa upana unapolowa na karibu hautanuki kabisa kwa urefu. Chini yake kuna sanduku la majaketi ya kuokolea, wazi upande wa mbele ili yavutwe bila kuinua kifuniko. Egemeo la mgongo nimelisuka kwa kamba, nikifuata kimiani cha viti vya enzi vya majumba ya Lamu. Usumba, yaani kamba ya makumbi ya nazi, ungependeza macho, ila hukwaruza mgongo na hukaa na maji. Nimetumia kamba ya nailoni nyeupe, na waliocheka wamecheka.

Septemba

Sifa, yale mafuta ya papa, huhifadhi mti kuliko rangi yoyote ninayoijua, na mashua yote kwa nje imepakwa. Kiti cha abiria hakiwezi kupakwa sifa isipokuwa abiria wenyewe wawe papa. Vanishi hung'aa mwaka mmoja, kisha jua la hapa huibambua na maji huingia chini yake. Mafuta ya nazi hayakauki, nayo huvunda. Nimepaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mkono mwembamba juu ya mkono mwembamba, nikifuta ziada kila mara. Vitambaa vya kupakia lazima vitandazwe vikauke vikiwa wazi, kwa sababu vikikunjwa na kutupwa rundoni hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka moto.

Mashua imeshuliwa kwa bamvua. Ilivuja kidogo mwanzoni, kama ilivyotarajiwa kwa mbao zilizokauka, ikaacha mbao zilipovimba. Tumeipeleka Takwa kwa kuufuata mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko ya Manda, ambako lazima uingie maji yakijaa na utoke kabla hayajapwa. Mifuko ya mchanga ilipita chini ya viti bila kukwama. Ukibonyeza kiti cha mlingoti wakati tanga limejaa, hakilii. Mama alikaa na kuinuka bila kushikwa mkono, na alilalamikia jua tu.

Lililojitokeza ni miguu. Mashua ikilala, abiria wa upande wa upepo hana pa kuikazia miguu yake, na huteleza kuelekea upande wa chini, ambako ndiko hatakiwi kuwa. Nimekwisha kupima mahali pa vipande viwili vya mkomafi vya kukanyagia, vya kupigiliwa juu ya mbao za chini sambamba na viti, vikiwa na pengo katikati la kupitisha kata ya kufulia maji. Vitaingia kabla ya kaskazi.